Kuku wa Kupimia Nyumba

Nilimwekea kuku wa mtu machicha ya pombe ili alewe mbele ya mashahidi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila anayesimulia habari hii nyumbani kwetu huanzia hapo, tena kwa sauti ya hakimu, na afadhali ulisikie kutoka kwangu mimi mwenye kosa. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimerefuka miguu kabla ya akili, na niliamini kwamba hakuna mtu mzima asiyechekesha ukimtisha vizuri.

Sasa niko kidato cha tatu na bado naamini hivyo. Ila kuku siwagusi.

Tulikuwa tumehamia Iringa mwaka uliotangulia. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hahami kwa kupenda. Inakuja barua, unafunga magodoro. Tukapanga chumba kimoja Mlandege, mama, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka minane. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kihehe mwenye masikio kumshinda sungura. Mdogo wangu akicheka, ukuta unagongwa. Mimi nikikohoa, ukuta unagongwa. Asubuhi anasimama mlangoni, "Kamwene, mwalimu," kisha anaziangalia ndoo zetu za maji kama mtu aliyekamata mzigo wa wezi. Mwezi wa tano akasema mwanawe anaoa, chumba anakitaka, mwisho wa mwezi wa sita tuwe tumeondoka.

"Sina ugomvi na nyie," alimwambia mama. "Nataka tu mtoke."

Mtaa wa pili kulikuwa na kijumba cha vyumba viwili ambacho mwenyewe alikuwa anakiuza arudi kwao Njombe. Akampa mama ahadi: nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi wa sita, baada ya hapo atakayetangulia ndiye. Basi mama akawa anapita pale kila jioni akitoka shule, ingawa si njia yake, anasimama kidogo, anaangalia mabati. Alikuwa ameshaamua dirisha lipi litakuwa la jikoni. Kilichobaki ni kuuza nyumba yetu ya Mbeya, ile ya mtaa wa Soweto aliyoijenga pamoja na baba kabla baba hajafariki. Ikiuzika, tunaingia kwetu. Isipouzika, tunatoka na ndoo zetu na hatujui tunakwenda wapi.

Ndiyo maana likizo ya mwezi wa sita tulipanda basi watatu kwenda Mbeya, mama amekumbatia hati ya kiwanja ndani ya mfuko mtupu wa sukari. Mfuko tulikuwa nao. Sukari yenyewe mwaka ule ilikuwa habari ya foleni.

Mnunuzi alikuwa anatusubiri barazani. Mzee wa Kinyakyusa kutoka upande wa Rungwe, mfanyabiashara wa mpunga, koti refu, fimbo, na pua iliyoshindiliwa ugoro hata akawa anaongea kama yuko ndani ya debe. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba huku amenishika sikio, akaligeuza huku na huku kama anachagua nyanya.

"Masikio makubwa," alimwambia mama. "Anasikia nayo, au yapo tu?"

Nikamchukia hapo hapo.

Akaizunguka nyumba akigonga kuta kwa fimbo. Akabonyeza dirisha, akasema mbao zimeliwa. Akatazama choo, akasema mh. Mama akavumilia. Akasema mwanamke anayeuza nyumba peke yake ana haraka, na mwenye haraka kuna kitu amekifunika. Mama akavumilia na hilo, lakini niliona vidole vyake vikiukunja ule mfuko wa sukari.

Kisha mzee akafika chumba cha chini.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Nyuma ya jikoni baba alikuwa amechimba chumba cha kuwekea viazi; unashuka ngazi tatu za udongo, na dirisha lake halipitishi hata kichwa cha paka. Baba alipofariki, mama alipangisha chumba cha mbele, sisi watoto tukahamishiwa kule kwenye viazi. Mimi nilijitwalia kitanda kwa haki ya ukubwa. Mdogo wangu alilala chini kwenye mkeka na godoro lake jembamba, miaka miwili. Na kwa baridi ya Mbeya kile kidirisha tulikiziba kwa matambara, tukafunga na mlango. Asubuhi kumwamsha yule mtoto ilikuwa kazi ya wanaume wanne. Kichwa kinamuuma, miguu mizito, chai anaitapika. Mama alikuwa anamchapa kwa uvivu. Mimi nilimpa jina la Gunia, na nikalitungia wimbo. Tulipohamia Mlandege akaanza kuamka kabla ya jogoo wa mwenye nyumba, na mama akasema kumbe zile fimbo zilimwingia.

"Hiki kimezama ardhini," mzee alisema. Alikuwa amesimama ngazi ya kwanza, hataki kushuka. "Hiki sikinunui bila kukipima."

"Futi kamba ninayo," mama akasema.

"Hakipimwi kwa futi. Kinapimwa kwa kuku."

Nikacheka. Akanigeukia kwa koti lake lote.

"Cheka. Ndugu yangu wa tumbo moja naye alicheka." Kisha akaacha kuniangalia, akawa anamwambia mama. Kwao, chini ya mlima, kuna mabonde madogo ambamo ardhi hutoa pumzi. Pumzi hiyo haina harufu, haina rangi. Mbuzi anashuka kutafuta majani, hapandi tena. Ndugu yake alijenga nyumba nzuri, akachimba chumba kama hiki chetu ili alale joto. "Tulivunja mlango asubuhi. Yeye na mkewe. Na taa imezimika, ina mafuta tele." Tangu hapo, alisema, kwao hakuna anayenunua nyumba yenye chumba cha chini kabla ya kufungia humo kuku na taa, kila tundu limezibwa, tangu asubuhi mpaka jua liiname. Taa ikiendelea kuwaka na kuku akiwa amesimama, unanunua.

"Mzee, hapa ni mjini," mama alisema. "Mambo hayo yako huko kwenu."

"Ardhi haijui mjini, mwalimu. Kama hutaki, nirudi zangu."

Mama hakuwa na pa kurudi. Akakubali kwamba kesho kutwa apime. Mzee akanielekezea fimbo kifuani.

"Na wewe, kaa mbali na kuku wangu. Watoto waliolelewa na mwanamke peke yake nawajua."

Mama alikuwa amesimama hapo hapo. Alinyoosha tu ule mfuko wa sukari kwa kiganja, kama mtu anayepiga pasi. Mimi ndiye niliyejibu, ila jibu langu lilichelewa siku mbili.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa anapika pombe ya komoni na kuuza. Machicha aliyamwaga uani, na kuku wa mtaa ule wote walijulikana kwa mwendo wao wa jioni. Ukimtilia kuku kopo moja la machicha, anapepesuka. Akipata la pili, anakwenda kumsalimia mbwa. Mpango wangu ulikuwa huu: kuku alewe, aanguke, mzee akimbie na koti lake huku akipiga yowe, watu wacheke, kisha kuku aamke na mimi nieleze. Mzee angeona haya, na kwa haya angenunua nyumba upesi ili watu wasahau. Ulikuwa mpango mzuri sana. Ni kile kipande cha mwisho tu ambacho sikukitazama vizuri.

Asubuhi ya kupima niliamka mapema, nikamwendea jirani na kopo.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kuku."

Sikusema uongo. Akanijazia. Nikashuka chumba cha chini, ambacho kilikuwa kitupu isipokuwa kile kitanda changu cha zamani, nikalificha kopo nyuma ya mguu wa kitanda, upande wa ukutani. Nilijua mzee hatalinusa. Kwa ule ugoro, ungemfukia kwenye pipa la komoni akuulize mbona pana unyevu.

Akaja na tetea mweusi, kishingo, pamoja na balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Akashuka peke yake, akamfunga kuku kwa kamba, akawasha koroboi, akaiweka chini, akapanda. Akaziba kidirisha kwa matambara na matope, akafunga mlango, akaziba na mlango. Kisha akaweka kigoda mbele yake, akakaa. Saa mbili asubuhi.

Watu walianza kuja mmojammoja wakijifanya wanapita. Kufika saa sita hakuna aliyekuwa anajifanya tena. Jirani wa komoni alipoona umati umekuwa umati, akatoa ndoo na vikombe. Mama hakula. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na mdogo wangu, hati ya kiwanja mapajani, akawa anawajibu watu "tumeamka salama" kama mtu aliyelazwa hospitali.

Saa tisa mzee akabandua matope.

Taa ilikuwa imezimika. Nikajisemea kwamba mafuta yameisha, na kwamba Mungu mwenyewe ameamua kuutia chumvi utani wangu. Kuku alikuwa amelala ubavu sakafuni, bawa moja limetanuka, mdomo wazi. Walio mbele wakarudi nyuma, walio nyuma wakasukuma mbele wapate kuona. Mama mmoja akaanza kumwita Yesu.

Mzee hakukimbia. Hakupiga yowe. Hilo lilinikera kweli. Alimbeba kuku, akamtoa, akamlaza juani kwenye majani, akavua kofia.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Humu ndimo ulimotaka nilaze wajukuu zangu?"

"Mzee, mimi sikujua…"

"Hukujua. Umekaa humu miaka, hukujua. Ukaona Iringa pazuri, ukakimbia na wanao, hiki ukakiacha kwa mjinga wa kutoka Rungwe."

"Hee, mwalimu jamani," mtu akasema nyuma. Mwingine akasema ndiyo maana yule mpangaji wa mbele aliondoka. Yule mpangaji aliondoka kwa sababu alihamishwa kazi, lakini nani alikuwa anasikiliza? Nilimwona mama akitazama uso mmoja baada ya mwingine, watu aliowafundishia watoto kusoma, na kila uso ulikuwa umefungwa.

Na mimi nikacheka. Sikutaka. Kicheko kilinitoka puani, kisha mdomoni, nikaziba kwa mkono, kikatokea pembeni. Mama akanitazama. Mama yangu amefundisha watoto kwa miaka mingi, anakijua kicheko cha mwenye kosa.

"Umefanya nini?"

"Si kitu."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Nilimwekea machicha. Kuku. Kopo zima. Amelewa tu huyo, ataamka."

Mama akanipiga kofi, na naapa lilikuwa kofi la furaha. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyeambiwa maiti amepiga chafya. "Mzee, umesikia? Kuku amelewa! Mtoto wangu ni mwovu, ndiyo, nitamshughulikia, lakini nyumba haina kitu!"

"Kweli alichukua," jirani akadakia. "Asubuhi, kwangu. Nilimjazia mimi mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. "Mtoto anamwokoa mama yake. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo."

"Nitakuletea kopo," nikasema, shavu linawaka. "Ulione lilivyolambwa. Halafu umwombe mama radhi hapa hapa, mbele ya balozi."

Nikashuka zile ngazi tatu kwa majivuno. Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono nyuma ya mguu wa kitanda.

Kopo lilikuwa limejaa. Alama za vidole vyangu zilikuwa bado juu ya machicha, vile vile nilivyoyashindilia asubuhi. Nikageuka nikaona kipande cha kamba ya mzee: alikuwa amemfunga kuku kwenye mguu wa kitanda ulio karibu na mlango, tena kifupi, kuku asingeweza kufika hata nusu ya chumba. Hakuonja hata punje.

Nitasema na hili, kwa vile nimeshaanza kusema. Nilifikiria kuyamwaga. Nyuma ya kitanda palikuwa na giza. Ningeyamwaga pale, nikapanda na kopo tupu, na nyumba ingeuzika, na wala nisingekuwa nimesema neno moja la uongo kwa mdomo. Kopo nilishaliinamisha. Kichwa kilikuwa kinanigonga, sijui kwa hofu au kwa kukaa nimeinama pale. Halafu nikaona sakafuni, mahali kuku alipoangukia, ule mraba uliochakaa wa mahali mkeka ulipokaa miaka miwili.

Nilipanda na kopo limejaa. Sikumpa mzee. Nilimpa mama.

Mama akaliangalia. Akatia kidole juu, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Jirani akachungulia.

"Mbona limejaa," alisema, na waliokuwa na vikombe wakavishusha.

Mdogo wangu akasema, bila hata kusimama, "Kuku alikuwa amelala pangu."

Mzee akageuka. "Pako wapi, mjukuu wangu?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kama mtu.

"Pale chini. Kwenye mkeka. Kaka alikuwa analala kitandani."

Mzee akaomba koroboi mbili. Akazijaza mafuta, akazitikisa moja moja karibu na sikio la balozi ili asikie. Moja akaiweka juu ya kitanda, nyingine sakafuni kwenye ule mraba. Akafunga, akaziba upya. Tukakaa. Watu hawakunywa tena. Yule kuku alikuwa ameanza kuinua shingo. Mwisho alisimama, akatembea hatua tatu, akajisaidia juu ya daftari la balozi, na hakuna aliyecheka, hata mimi. Jua lilipogusa mlima mzee akafungua, akaturuhusu kutazama kutoka mlangoni. Taa ya kitandani ilikuwa inawaka, ndogo, lakini inawaka. Ya chini ilikuwa imezimika. Balozi alishuka amebana pumzi, akaitoa, akaitikisa. Mafuta yalicheza ndani, tele.

"Basi," mzee alisema. "Sinunui." Akamkwapua kuku wake, akampachika kwapani. Alipofika usawa wangu alisimama, nikajikunja nikitegemea fimbo. Hakunipiga. "Wewe una bahati ya kupenda kitanda," alisema, akaenda zake. Sijawahi kupigwa vibaya vile.

Watu wakatawanyika, wakibeba habari kila mmoja kwa mtaa wake. Jirani akabaki. Akaja kuchuchumaa karibu na mama.

"Mwalimu, usikate tamaa. Kuna Msukuma mmoja wa ng'ombe, wa kule Usangu, anatafuta nyumba mjini. Wanawe wanaanza shule hapa. Hao wametoka tambarare, hawajui mambo ya kuku wala taa. Kesho nitamleta kabla hajasikia. Balozi nitaongea naye."

Mama akatazama mlango wa chumba cha chini.

"Zimebaki siku tisa, mama," nikasema. Nilikuwa nimezihesabu. "Tumuuzie. Nani atajua?"

Kile kijumba cha Mlandege sasa kina pazia la mtu mwingine kwenye dirisha la jikoni. Sisi tumepanga nyuma ya duka la Mhindi mmoja, chumba kimoja, ukuta haugongwi lakini bati linavuja. Nyumba ya Soweto haijapata mnunuzi mpaka leo. Ina mpangaji vyumba vya juu, na kila mpangaji mama humwonyesha kwanza palipokuwa na ngazi. Viganja vyangu bado vina sugu. Na mama alipofungua mdomo jioni ile, jirani amechuchumaa upande huu, mimi nimesimama upande ule na mdogo wangu yuko ngazini, alisema hivi, sijapunguza wala kuongeza:

"Wana wa huyo Msukuma nao watatandikiwa mkeka. Wewe, nenda kwa balozi uazime beleshi, ulijaze hilo shimo mpaka juu, nisione hata ngazi moja. La kuku nitakuchapa tukifika Iringa, usidhani nimesahau. Na wewe, mwanangu, njoo ukae hapa. Ulikuwa unaniambia kichwa kinakuuma, nikakuchapa. Niambie tena. Sasa nasikiliza."